Je, wajua? Wavivu sio wanaovunja maisha ya pamoja

Hivi kwa nini watu wanaoamua kuishi pamoja maisha ya kawaida tu, jiko moja, mfuko mmoja, kazi za kugawana, huanza wakipendana sana halafu baada ya muda hata kuosha sufuria inageuka vita? Jibu ambalo wengi tunalo kichwani, na mimi nimelibeba miaka mingi nikiwa na uhakika nalo kabisa, ni kwamba lazima kuna wavivu wawili watatu wanaokula jasho la wenzao mpaka kila kitu kinaanguka. Na ukishaamini hivyo unajikuta umebaki na njia mbili tu, ama sheria ziwe kali na uhuru ufe, ama watu waachwe huru na kazi zife.

Kumbe sio hivyo, na hilo la wavivu ndo linapoteza watu zaidi kwa sababu linatufanya tumtafute mchawi kwenye nyumba ambayo hayupo.

Mwaka 2001 watafiti watatu, Urs Fischbacher, Simon Gächter na Ernst Fehr, walichapisha jaribio moja dogo ambalo mimi naona kila mtu anayeishi na wenzake angelijua. Watu wanne kila mmoja ana pointi 20, anaweza kubaki nazo au akatia kiasi chochote kwenye mfuko wa pamoja. Kila pointi inayoingia mfukoni inazaa, yaani inawarudishia wote wanne pointi 0.4 kila mmoja. Sasa piga hesabu, wewe uliyetoa moja umerudishiwa 0.4 tu, umepata hasara, ila kundi zima limepata 1.6, limefaidi. Wote wakitoa zote kila mtu anaondoka na 32, wote wakibana kila mtu anabaki na 20 zake.

Wakawauliza washiriki, wenzako wakitoa wastani wa kiasi fulani, wewe utatoa ngapi? Karibu asilimia 30 walisema sifuri, liwalo na liwe. Hao ndo wadandiaji, wapo kweli, sikatai. Lakini karibu nusu walisema kitu tofauti, wenzangu wakitoa sana nami natoa sana, wakitoa kidogo nami napunguza. Na wengi wao walikuwa wanatoa kidogo chini ya wastani wa wenzao, sio sana, kidogo tu. Ni kweli walikuwa wanafunzi 44 tu, na kukaa kwenye jaribio kwa muda mfupi sio sawa na kuishi na mtu, kwa hiyo hizo asilimia usizichukue kama sheria ya binadamu wote. Ila huo mwenendo wenyewe umeonekana tena na tena kwenye majaribio ya aina hii, na mchezo ukirudiwa michango inaanza vizuri halafu inashuka raundi kwa raundi, kwa sababu wengi wanatoa kidogo chini ya wenzao kila mara.

Fikiria watu kumi wanasukuma gari lililonasa kwenye matope. Kila mmoja ameinamisha kichwa, haoni misuli ya mwenzake, anachohisi ni gari tu, linakwenda au haliendi. Mmoja akiweka mikono bila kusukuma gari linapungua mwendo kidogo, na wewe uliyekuwa unasukuma kwa nguvu zote hujui ni nani ila unajua kuna kitu kimepungua, basi bila hata kukusudia unalegeza kidogo, unajiambia ngoja nivute pumzi. Wa pembeni yako naye anahisi wewe umelegea. Gari linasimama na watu tisa kati ya kumi walikuwa na nia nzuri kabisa ya kulitoa. Ukimfukuza yule mmoja hujatatua chochote kama vichwa vyote bado vimeinama, kwa sababu kesho mwingine atachoka kihalali, ataumwa mgongo, na wenzake watamsoma kuwa mdandiaji.

Kwa hiyo tatizo kubwa ni kutoona mwenzako anachangia nini. Na hapo ndo lile wazo la pili, la sheria kuua uhuru, linapoanza kuyumba.

Kuna jumuiya inaitwa Twin Oaks, jimbo la Virginia huko Marekani, ipo tangu 1967 na ina watu karibu 100. Wanafanya kazi takriban saa 42 kwa wiki na kila mtu anaandika saa zake, na kupika, kufanya usafi na kulea watoto vyote vinahesabiwa kama kazi. Mwanzoni kazi zilizochukiwa zilipewa pointi nyingi zaidi kwa saa, baadaye wakaacha, saa moja ikawa saa moja. Ukisikia haraka utasema hiyo ni jela, lakini ndani ya hizo saa mtu anachagua sehemu kubwa ya kazi zake na wakati wa kuzifanya, akizidisha saa anajiwekea likizo, na akimaliza amemaliza. Hili la kumaliza ndo lililonibadilisha mawazo. Kwenye nyumba isiyo na hesabu wajibu hauna mwisho, mwenye huruma anaendelea kuosha na kufagia mpaka usiku huku moyoni akihesabu kimyakimya, na hiyo hesabu ya kimyakimya ni ngumu kuliko ya kwenye karatasi maana hakuna anayeweza kuisahihisha.

Na adhabu je? Zinasaidia, ila kwa masharti. Fehr na Gächter walionyesha mwaka 2000 kwamba watu wakiruhusiwa kulipa pointi zao ili kumkata mwenzao pointi, michango inapanda badala ya kushuka. Lakini jaribio kama hilo liliporudiwa kwenye miji 16, matokeo yakachapishwa 2008, sehemu nyingine kama Athens ya Ugiriki na Muscat ya Oman waliotoa kidogo wakawaadhibu waliotoa sana! Kwa hiyo kumpa kila mtu fimbo tu haitoshi, inategemea fimbo imekubaliwa na nani.

Mfano wa fimbo iliyokubaliwa na wenyewe ni huu: kijiji cha Törbel huko Uswisi, ambacho Elinor Ostrom alikieleza kwenye utafiti uliochangia yeye kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, kilikuwa na kanuni ya tangu 1517, hakuna mwanakijiji aliyeruhusiwa kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Angalia ilivyo nyepesi. Haikuambii ufuge ng'ombe wangapi wala ulime nini, mashamba na bustani ni mali ya mtu binafsi, kinachobanwa ni malisho ya pamoja tu. Na ng'ombe hafichiki, jirani anamwona akipanda mlima. Aliyezidisha alitozwa faini, na msimamizi aliyemkamata alibaki na nusu yake, kanuni yenyewe ikiwa imepigiwa kura na wanakijiji wenyewe.