Nani Anagusa Taarifa Zako? Kitengo cha TEHAMA na Mipaka ya Kazi Zake

Kipindi hiki wananchi wengi wanahuisha leseni na vibali vyao kwa njia ya mtandao, na meza yetu ya msaada imejaa. Malalamiko ni ya kila namna, lakini liko ombi moja linalorudi kila siku, tena kwa adabu na mara nyingi kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nibadilishie tu hapo kwenye kompyuta." Anayesema hivyo hana nia mbaya. Jina lake limekosewa herufi, au ameandikiwa shehia aliyohama zamani, na anamuona kijana amekaa mbele yake na kompyuta imewaka. Kwa nini asisaidiwe? Akiambiwa haiwezekani, anatoka akiamini amenyimwa haki yake.

Hakunyimwa. Kijana yule kweli hana uwezo huo, na tumeupanga mfumo makusudi ili asiwe nao. Mimi ni mkuu wa Kitengo cha TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, katika taasisi ya Serikali hapa Zanzibar, na naeleza hapa kazi zetu zilivyogawanywa, kwa sababu mwananchi asiyejua nani anafanya nini hupeleka tatizo lake mlango usiokuwa wake, na huko ndiko linakopotelea.

Katika taasisi yetu, Kitengo cha TEHAMA kinawajibika moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mtendaji. Hakiko chini ya uhasibu, wala chini ya idara inayotoa leseni. Zamani katika afisi nyingi mtu wa kompyuta alikuwa karani aliyebahatika kujua kutengeneza printa, akakaa chini ya mhasibu na kufanya alichoagizwa na mhasibu. Wapo wanaotuona hivyo mpaka leo. Lakini kitengo kinachotunza kumbukumbu za idara hakiwezi kuwa mtumwa wa idara hiyo hiyo, maana siku ikihitajika kujua nani kafuta nini, anayechunguzwa atakuwa ndiye bosi wa anayejibu.

Ndani ya kitengo kuna sehemu nne. Ya kwanza ni miundombinu: seva (kompyuta kuu zinazohifadhi mifumo), waya, mawasiliano kati ya Unguja na Pemba, umeme wa akiba. Ya pili ni mifumo na hifadhidata (ghala la kumbukumbu za kompyuta), wanaotengeneza programu na kuzirekebisha. Ya tatu ni usalama wa taarifa, ambayo ina watu wachache kuliko zote lakini ndiyo inayotoa na kuondoa ruhusa za watumishi, na taarifa zake zinafika pia kwa Mkaguzi wa Ndani bila ya kupitia kwangu. Ya nne ni meza ya msaada, hao mnaokutana nao dirishani na kwenye simu.

Nje yetu kuna wengine. Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar, eGAZ, ndiyo inayosimamia viwango na miongozo ya mifumo ya taasisi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa hiyo hatuamki asubuhi tukanunua mfumo tuupendao. Mkongo unaobeba mawasiliano ya Serikali uko kwa Wakala wa Miundombinu ya TEHAMA, ZICTIA. Malipo yanapita ZanMalipo, mfumo wa malipo ya Serikali. Mfumo wetu unaomba namba ya malipo na kupokea taarifa kwamba umelipa, basi. Fedha yenyewe hatuishiki, na nashangaa bado tunaletewa risiti za wakala wa simu na kuambiwa turejeshe shilingi zilizokwenda kwenye namba iliyokosewa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Taarifa zako si mali ya Kitengo cha TEHAMA. Sisi ni walinzi wa ghala. Mwenye mamlaka ya kusema jina hili liandikwe hivi ni idara inayohusika na huduma, na hata idara haiwezi kulisema kwa mdomo.

Chukua mfano wa jina. Mtu ni Khamis. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema Khamis, lakini kwenye leseni ametoka Hamisi, kwa sababu aliyemjazia fomu aliandika alivyozoea yeye. Utaratibu wa kumsahihisha ni huu. Anajaza fomu ya marekebisho, mtandaoni au dirishani. Anaambatanisha kitambulisho pamoja na hati moja ya pili. Hati ya pili si mapambo, inahitajika kwa sababu kosa linaweza kuwa liko kwenye kitambulisho chenyewe, na hilo si letu kulirekebisha, ni la Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Afisa wa kwanza wa idara anahakiki na kuingiza ombi. Afisa wa pili, asiyekuwa yule wa kwanza, analipitia na kuliidhinisha. Mfumo unakataa mtu mmoja kufanya yote mawili, hata akiwa mkuu wa idara. Baada ya hapo jina linabadilika lenyewe. Hakuna mtu wa TEHAMA aliyeligusa.

Kinachobaki ni mstari mmoja katika daftari la mfumo. Unaonesha tarehe, saa hadi sekunde, jina la mtumishi, kompyuta aliyoitumia, kilichokuwepo kabla na kilichowekwa. Kwa mfano wetu utasoma kwamba palikuwa na Hamisi na sasa pana Khamis, na majina ya maafisa wawili mbele yake. Mstari huo haufutiki kutoka dirishani, haufutiki kutoka kwa mtengeneza programu, na nakala yake inakwenda kwenye seva nyengine kila unapoandikwa. Mimi mwenyewe, mkuu wa kitengo, nina ruhusa ya kuusoma tu.

Ndiyo maana tunasema hapana kwa jamaa zetu, kwa majirani, na kwa waheshimiwa wanaopiga simu. Leo utafurahi kijana akikurekebishia herufi moja kwa wema wake. Lakini mlango unaomruhusu kukufanyia wewe wema ndio huo huo utakaomruhusu kesho kuihamisha leseni ya biashara yako kwa shemeji yake, na wewe usijue mpaka siku ya ukaguzi. Hili naliamini kwa dhati na sitalilegeza.

Kwa wanaouliza kuhusu adhabu, zipo. Mtumishi anayebadilisha taarifa bila ya ombi lililoidhinishwa anakabiliwa na hatua za nidhamu chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011. Juu ya hapo iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, na haichagui mtumishi wala mwananchi. Kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo bila ya idhini: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote pamoja. Kifungu cha 7, kuharibu, kufuta au kubadilisha data bila ya haki: faini isiyopungua milioni 10 au mara tatu ya faida, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Kifungu cha 15, kujifanya mtu mwengine kwa kutumia kompyuta: faini isiyopungua milioni 5 au mara tatu ya kilichopatikana, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote pamoja. Hivyo ni viwango vya chini. Hakimu anaanzia hapo kwenda juu.

Kifungu hicho cha 15 nakitaja kwa sababu ya akaunti za steshenari. Wengi wenu hamna kompyuta, na ni sawa kwenda kwenye duka la fotokopi lililo karibu na afisi ukasaidiwa kujaza. Tatizo linakuja pale mwenye duka anapoandika namba yake ya simu na barua pepe yake badala ya zako, ili namba ya uthibitisho iingie kwake na kazi iende haraka. Kuanzia siku hiyo, mwenye akaunti machoni pa mfumo ni yeye. Taarifa ya kumalizika leseni inakwenda kwake. Ukitaka kubadilisha namba ya siri, ujumbe unakwenda kwake. Tumeona simu moja ikiwa imesajiliwa kwa waombaji chungu nzima wasiojuana, mmoja wa Jang'ombe, mwengine wa Bububu, mwengine wa Nungwi, na wote wanakuja kutulalamikia kwamba mfumo wetu "umewasahau". Mfumo haukumsahau mtu. Unapeleka ujumbe ulikoambiwa uupeleke.

Ikiwa umeshafanyiwa hivyo, usifungue akaunti ya pili. Nalisema kwa mkazo, maana akaunti ya pili ndiyo inayotuumiza zaidi: historia yako inagawika mbili, na mfumo unakuona mdaiwa katika moja na mgeni katika nyengine. Njoo wewe mwenyewe na kitambulisho chako, na simu iliyosajiliwa kwa jina lako iwe mkononi na imewashwa, utabadilishiwa namba hapo hapo baada ya kuhakikiwa. Mtu mzima asiyeweza kufika aandike barua ya kumtuma mtu wake, ipitie kwa sheha na igongwe muhuri. Barua isiyo na muhuri wa sheha hatuipokei, na msiwagombeze vijana wa dirishani kwa hilo.

Na akitokea mtu akakwambia ana ndugu TEHAMA anayeweza kukumalizia mambo kwa elfu ishirini, huyo ni kishoka. Ama anakula fedha yako bure, kwa kuwa hakuna wa kummalizia, ama kweli yuko mtumishi wetu nyuma yake, na hapo tunataka kujua kuliko wewe. Ripoti ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa. Ujumbe wa simu unaojidai kutoka kwetu na kukuomba namba ya siri utume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba iliyokutumia. Sisi hatuombi namba ya siri kwa simu, hata siku moja.

Jambo la "sistimu iko chini" nalo linahitaji maneno mawili matatu, kwa sababu ndani yake yamo matatizo ambayo hayafanani. Kuna siku umeme hakuna. Wenye umri wangu wanakumbuka kisiwa cha Unguja kilivyokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika. Funzo la miezi ile ndilo linalotufanya tuwe na jenereta, betri za seva na nakala za akiba katika jengo jengine kabisa. Kuna siku umeme upo na mkongo wa baharini umekatika mbali na kwetu, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo aliye ndani ya afisi anaweza kuhudumiwa, kwa kuwa seva ziko hapa hapa, na aliye nyumbani asiweze. Kuna siku mfumo wetu ni mzima lakini namba za malipo hazitoki. Na kuna siku, semeni kweli, bando limekwisha.

Afisa wa dirishani akikwambia tu kwamba sistimu iko chini, muulize ni ipi: umeme, mtandao, malipo au mfumo wenyewe. Nimewaagiza wajibu. Kama ni malipo, huna haja ya kukaa foleni tangu asubuhi hadi adhuhuri, rudi nyumbani na namba yako itakuja kwa ujumbe.

Ndugu zetu wa Pemba nina neno nao. Afisi ya Chake Chake si sanduku la kukusanyia fomu zipelekwe Unguja. Ina maafisa wa idara wawili kwa ajili ya ile hatua ya kuhakiki na kuidhinisha niliyoieleza, ina mtu wa miundombinu na mtu wa meza ya msaada, na inatumia hifadhidata ile ile kwa wakati ule ule. Marekebisho yaliyoidhinishwa Chake yanaonekana Mjini papo hapo. Hata hivyo bado tunapokea watu waliopanda boti Mkoani au Wete, wamelipa nauli na kulala kwa jamaa, kwa kusahihishiwa herufi ambayo ingesahihishwa umbali wa safari moja ya daladala. Aliyewaambia kwamba mambo makubwa lazima yafuatwe Unguja aliwaeleza ya miaka iliyopita. Kinachofanyika Unguja peke yake ni rufaa dhidi ya uamuzi wa idara, na hata hiyo inapokelewa Chake na kutumwa kwa mfumo.

Tatizo lolote utakaloliripoti, dai namba ya tatizo. Inatolewa na mfumo, si kwa hisani ya afisa, na inatoka hata ukiripoti kwa simu. Kwa namba hiyo mkuu wa meza ya msaada anaona liko kwa nani na limekaa siku ngapi. Likikaa bila ya kuguswa, linapanda kwangu, na likinishinda mimi linakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji likiwa na jina langu. Ukiambiwa tatizo limefungwa na wewe bado unalo, lifungue tena kwa namba ile ile. Usiandikishe jipya, kwa sababu jipya linakwenda mwisho wa foleni.