Bastola ya hewa kwa kijana: anza na kiganja

Mzazi anayenijia kuuliza bastola gani amnunulie mwanawe kwa ajili ya mashindano mara nyingi huwa ameshachagua. Ameona picha, amesikia jina la kampuni, na anachotaka ni mimi niseme amefanya vyema. Ninamwomba kwanza amlete mtoto, kisha ninamwomba mtoto anyooshe mkono na kufungua kiganja. Nimewafundisha vijana kulenga shabaha ya mita 10 kwa miaka mingi, na karibu kila bastola iliyonisumbua ilikuwa na kasoro moja: mpini mkubwa kuliko kiganja cha aliyeishika.

Hesabu yake ni rahisi. Juu ya bastola kuna vilengeo viwili unavyovilinganisha ili kulenga: cha nyuma chenye pengo, na cha mbele kinachoonekana ndani ya pengo hilo. Tuseme kati yao kuna milimita 300. Kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma, risasi itatua kama milimita 33 mbali na katikati. Kwenye shabaha hii duara ya katikati, ya pointi 10, ina kipenyo cha milimita 11.5, na kila duara inayofuata inaongeza milimita 8 kila upande. Kwa hiyo milimita moja ya vilengeo imegeuza 10 kuwa 6. Sasa chukua kosa la pili: vilengeo vimekaa sawasawa, ila mkono mzima umesogea milimita 5 pembeni. Risasi nayo inasogea milimita 5, na bado ni 10, kwa sababu tundu linalogusa mstari linapewa pointi ya juu.

Mtoto anapolalamika kwamba mkono wake unatetemeka, ninampigia hesabu hii kwenye karatasi. Mkono wa kila mtu unatetemeka, hata wa bingwa. Kinachopoteza pointi ni kifundo cha mkono kupinda kidogo, na kifundo hupinda pale mpini usipojaza kiganja au unapokizidi.

Jaribio lake ni hili. Kijana ashike bastola isiyo na risasi, aelekee ukuta salama, afumbe macho, anyanyue mkono, atulie kama pumzi mbili, kisha afumbue. Kilengeo cha mbele kiwe katikati ya pengo, au karibu sana. Kikiegemea upande mmoja, na akirudia mara kumi kinaegemea upande uleule, basi mpini haumfai, au pembe yake haijarekebishwa. Angalia na kidole cha shahada: sehemu laini ya pingili ya mwisho ifike kwenye triga na kuivuta moja kwa moja kurudi nyuma, huku kidole kikiwa hakigusi mbao kabisa. Mtoto mwenye kiganja kidogo aliyepewa mpini mkubwa hufika kwenye triga kwa kuzungusha mkono wote, na hapo vilengeo vimeshapotea.

Mipini ya bastola za mashindano huuzwa kwa saizi, kuanzia ndogo sana hadi kubwa, na kuna ya mkono wa kulia na ya kushoto. Nunua saizi ya leo. Najua tunavyowanunulia watoto viatu vikubwa ili wavikulie. Hapa usifanye hivyo. Mpini unaweza kubadilishwa mtoto akikua, bastola ikabaki ileile. Na mpini wa mbao hupunguzwa kwa tupa na msasa, au ukajazwa puti ya mbao pale palipo na uwazi. Ninawapenda vijana ambao mipini yao ina viraka. Ni dalili kwamba mtu ameihangaikia.

Baada ya kiganja, bega. Shirikisho la kimataifa, ISSF, linaruhusu bastola ya mita 10 yenye uzito usiozidi gramu 1500, nayo lazima iingie kwenye sanduku la kipimo la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Hicho ni kikomo cha juu, wala si lengo. Mashindano ya kawaida ni risasi 60 kwa dakika 75, zikitanguliwa na dakika 15 za maandalizi na risasi za majaribio. Kijana makini hushusha mkono bila kufyatua kila anapohisi jambo haliko sawa, kwa hiyo atanyanyua bastola mara nyingi zaidi ya hizo 60. Kwa mwenye miaka 12 au 13 natafuta bastola ya gramu 850 hadi 950. Hämmerli AP20 ilitengenezwa nyepesi kwa fikra hiyo hiyo, na kampuni kama Steyr zina matoleo mafupi. Baikal IZH-46M ni bastola niliyoiheshimu siku zote kwa usahihi wake, lakini ina uzito wa kama kilo 1.3, na wenzo wake wa kushindilia hewa unahitaji nguvu. Nimeona mtoto akifika risasi ya ishirini bega limekwisha kwa kupampu, kabla hata ya kulenga.

Hapo ndipo suala la hewa linapoingia. Zile za springi sizichagui kwa mashindano: bastola inaruka pistoni inapokwenda, na anayeanza hawezi kujua kosa ni lake au la springi. Za gesi ya kaboni dioksidi zilitawala zamani, ila shinikizo lake hubadilika na joto. Za kushindilia mara moja kwa kila risasi hazihitaji mtungi wala kujazwa, nazo ni nzuri kwa klabu isiyo na vifaa, mradi mtoto ana nguvu au kuna mtu wa kumsaidia mazoezini. Zilizobaki ni zenye mtungi mdogo wa hewa, unaojazwa hadi shinikizo la bar 200 kwa kawaida. Hizi ndizo ninazochagua nikiweza. Lakini soma tarehe iliyochapwa kwenye mtungi kabla ya kutoa hela, hasa bastola ikiwa imetumika. Watengenezaji wengi huupa mtungi miaka 10, na uhalali wake mashindanoni ni jukumu la mchezaji mwenyewe. Bastola ya bei nafuu yenye mtungi uliokwisha muda si ya bei nafuu.

Triga inapimwa kwa kunyanyua uzito wa gramu 500 mtutu ukiwa wima. Ikiachia kabla, haipiti. Mimi huiweka juu kidogo, ili isikataliwe asubuhi ya mashindano mtoto akiwa tayari na hofu yake. Iwe ya hatua mbili, na hatua ya pili ihisike wazi kama ukuta mdogo. Hakikisha pia bastola ina namna ya kufyatua bila hewa wala risasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafunzo hufanyika hivyo.

Triga za umeme ni laini mno na zina wapenzi wengi. Kwa anayeanza bado nachagua ya kawaida, ambayo fundi wa klabu anaweza kuifungua. Manu Bhaker wa India alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Vijana mwaka 2018 akiwa na miaka 16, lakini kwenye Olimpiki ya Tokyo bastola yake ilipata hitilafu katikati ya mchujo, muda ukaenda, na hakuingia fainali. Alirudi Paris 2024 akachukua medali mbili za shaba. Mtu mzima aliyekomaa anaweza kurudi hivyo. Mtoto wa miaka 13 akipata mkasa kama huo katika mashindano yake ya kwanza, huenda asirudi tena.

Miwani ya kulengea na viatu maalumu visubiri. Vijana wengi walimwona Yusuf Dikeç wa Uturuki akichukua medali ya fedha Paris kwa miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni. Walichokosa kukitazama ni jinsi mpini ulivyokaa kiganjani mwake.

Kabla ya kununua chochote uliza sheria ya nchi yako kuhusu umri na leseni, kwani zinatofautiana sana. Nyumbani bastola ikae imefungiwa, na mtoto asiiguse bila mtu mzima kuwepo. Uwanjani, uzi wa usalama wa rangi kali upite mtutu mzima wakati wote usio wa kufyatua, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa sababu risasi hizi ni za madini ya risasi.

Siku ya kwanza na bastola mpya siweki shabaha. Natundika karatasi nyeupe tupu, na kijana anafyatua kuelekea katikati yake akiangalia kilengeo cha mbele peke yake. Matundu yakikusanyika, mpini umekubali. Yakitawanyika kulia na kushoto, natoa tupa na msasa mkobani.