Hula Si Kutingisha Kiuno: Wanayoamini Wateja Wangu Kuhusu Sherehe za Wahawaii

Kazi yangu ni kupanga safari, na wateja wangu wengi ni Watanzania na Wakenya wanaoishi Marekani: maharusi, familia zenye watoto wa shule, kina mama wa vikoba waliojichangia mwaka mzima. Wakitaja Hawaii tu, najua kinachofuata. "Tutafutie hoteli yenye wale wadada wa sketi za nyasi wanaotingisha kiuno." Majuzi nimeisikia tena, safari hii kwa mzee wa kanisa, tena huku akicheka. Mimi sikucheka. Nimeamua kuyaandika haya ili nisiendelee kuyarudia kwenye simu.

"Hula ni kutingisha kiuno"

Hula ni ngoma ya jadi ya Wahawaii, na dhana hii juu yake ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ule mtikiso wa nyonga wa kasi, unaokwenda na magogo yanayopigwa mfululizo, ni wa Tahiti na unaitwa ʻōteʻa. Yule kijana anayezungusha kisu cha moto anacheza mchezo wa Samoa, na hata huo moto uliongezwa mwaka 1946 tu, na Msamoa aitwaye Freddie Letuli, akiwa anatumbuiza San Francisco. Sketi ya nyasi kavu iliingia Hawaii katika karne ya 19 pamoja na vibarua kutoka visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati. Wahawaii wenyewe walivaa kapa, kitambaa cha magome ya mti yaliyopondwa, au majani mabichi ya mti wa kī. Sidiria ya vifuu vya nazi ni biashara ya watalii, basi. Hoteli inavichanganya vyote, inaviwashia taa za rangi, na mgeni anaondoka akiamini ameiona Hawaii. Ni kama mtu aliyeona Wamasai wakiruka dakika kumi kando ya bwawa la kuogelea Diani, akarudi kwao kuwaambia watu ameijua Kenya.

Hula inaanza na maneno. Pasipo mele, yaani shairi la kughaniwa au kuimbwa, hakuna hula. Mikono inaeleza kilichomo kwenye shairi: mvua ya mahali fulani, ua, safari ya chifu, mapenzi yaliyofumbwa kwa jina la upepo. Miguu inashika mapigo. Kiuno kinafuata miguu, na hakina kazi nyingine.

Ipo ya namna mbili. Hula ʻauana ni ile ya kisasa, yenye ukulele, gitaa na besi, na gauni refu linaloburura. Hula kahiko ni ya kale, na hiyo ndiyo ninayotaka watu waione kwanza. Kumu hula, mwalimu wa kundi, anaketi na ipu heke, vibuyu viwili vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine. Anakipiga kitako chini, sauti nzito inatoka, kisha anakipigapiga ubavuni kwa vidole na kiganja. Anaghani mwenyewe huku akipiga. Wachezaji wanaingia kwa mistari, magoti yamekunjwa, mgongo wima, nyayo zinakanyaga bapa. Ubeti ukikaribia kuisha, wao ndio wanaoita kwa sauti maneno ya kwanza ya ubeti unaofuata, na kumu anaudaka. Hakuna tabasamu la tangazo la ndege. Siku nyingine inapigwa pahu, ngoma ya gogo iliyowambwa ngozi ya papa, na hapo hata mtu asiyeelewa neno moja ananyamaza. Wanaume nao wanacheza, vifua wazi, na ukumbi mzima hulipuka kwa vifijo. Mzee wangu wa kanisa nilipomwambia habari za wanaume aliniuliza mara mbili kama nasema kweli.

Tena hii ngoma imepita kwenye tundu la sindano. Wamisionari walifika mwaka 1820, na mwaka 1830 Malkia Kaʻahumanu, aliyekwisha kuingia Ukristo, akapiga marufuku hula hadharani. Ikaendelea vijijini, kwa kificho. Aliyeirudisha mbele ya watu ni Mfalme Kalākaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891. Katika sherehe ya kutawazwa kwake, iliyokuja kufanyika mwaka 1883 kwenye Kasri la ʻIolani, hula ilichezwa waziwazi, na waungwana wa kanisa wakakasirika kiasi kwamba watu waliohusika na kuchapa ratiba ya zile hula walishtakiwa kwa madai ya uchafu. Mwaka 1886, akitimiza miaka 50, akarudia tena. Sasa wewe njoo uniambie hilo ni igizo la kuwafurahisha watalii.

Tamasha kubwa kuliko yote ya hula linaitwa Merrie Monarch, kwa jina la utani la mfalme huyo huyo, na hufanyika katika mji wa Hilo, kwenye kisiwa wanachokiita Kisiwa Kikubwa, kuanzia Jumapili ya Pasaka. Halikuanza kwa utukufu. Tsunami ya Mei 1960 iliua watu 61 mjini Hilo, biashara ikalala, na tamasha la kwanza, mwaka 1964, lilikuwa njia ya kuvuta wageni. Kulikuwa hata na shindano la ndevu zinazofanana na za mfalme. Mashindano ya hula yalianza mwaka 1971, kazi ya Dottie Thompson na kumu George Naʻope, na makundi ya wanaume yakaingia mwaka 1976. Siku hizi Alhamisi ni ya wasichana wanaocheza mmoja mmoja, Ijumaa kahiko ya makundi, Jumamosi ʻauana na matokeo. Kila halau, yaani chuo cha hula, huwapa waamuzi maelezo ya maandishi: shairi linatoka wapi, kwa nini vazi hili, kwa nini shada hili. Majani ya mashada huchumwa msituni kwa taratibu zake. Ugonjwa wa kuvu ulipoanza kuua miti ya ʻōhiʻa kisiwani humo, halau ziliombwa zisitumie kabisa ua lake, lehua, ingawa limeimbwa katika mashairi chungu nzima.

Ushauri wangu ni ule ule siku zote: ukiwa na pesa ya kisiwa kimoja tu, nenda Hilo wiki ya Pasaka, achana na Waikiki, ule ufukwe wa mahoteli wa Honolulu. Beba mwavuli, kwa sababu Hilo mvua haina likizo. Na ghani ikianza, simu mfukoni na mdomo ufungwe. Nimewahi kumwona mtu akipiga vigelegele katikati ya ghani ya kuingilia, akidhani anawatia moyo. Tafadhali. Shangwe zina mahali pake, na wenyeji watakuonyesha ni wapi, wewe fuata.

"Luau ndiyo sherehe yao ya jadi"

Luau ni karamu. Familia hufanya luau mtoto anapotimiza mwaka mmoja: nguruwe anachimbiwa shimo lenye mawe ya moto, anafunikwa kwa majani, anaachwa humo kwa saa nyingi, na poi ya magimbi yaliyopondwa haikosekani. Ile ya hoteli ni chakula cha jioni chenye onyesho, na hakuna dhambi kuinunua. Ila mtu asiniambie ndivyo wafalme wa kale walivyokula, maana mpaka mwaka 1819 wanaume na wanawake hawakuruhusiwa kula pamoja. Mwiko huo ulivunjwa na Mfalme Kamehameha II alipoketi kula na wanawake.

"Ukulele ni ala yao ya tangu enzi"

Ilizaliwa kutokana na braguinha, kigitaa kidogo cha Wareno wa Madeira, waliofika Honolulu kwa meli iitwayo Ravenscrag mwezi Agosti 1879. Mafundi watatu waliokuja na meli hiyo, Nunes, Dias na Espírito Santo, wakafungua karakana, Kalākaua akaipenda, na ikawa ya Wahawaii kwa haki kabisa. Gitaa nalo walilijua kupitia wachunga ng'ombe wa Kimeksiko katika miaka ya 1830. Wakalegeza nyuzi kwa namna yao, na hapo ukatoka mtindo wa kī hōʻalu. Gitaa la kuteleza kwa chuma, ambalo Wamarekani wengi wanadhani ni la Nashville, mji wa muziki wa country, chanzo chake ni Joseph Kekuku, kijana wa Oʻahu, mwishoni mwa karne ya 19. Ukipata sherehe yenye mpigaji mzee wa kī hōʻalu, kaa mbele. Ngoma kubwa utazisikia hata ukiwa nyuma.

"Lugha yao imekufa, yale maneno ni mapambo"

Haijafa, ingawa ilikaribia. Magazeti ya Kihawaii yalianza mwaka 1834 na yalifika zaidi ya 100 kwa majina. Halafu Malkia Liliʻuokalani akapinduliwa Januari 1893, na mwaka 1896 serikali ya waliompindua ikatunga sheria ya kuifanya Kiingereza lugha ya kufundishia. Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya bibi zao. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 watoto walioizungumza hawakufika 50.

Katiba ya jimbo iliitambua kuwa lugha rasmi mwaka 1978. Mwaka 1983 wazazi na walimu wakaunda ʻAha Pūnana Leo, na mwaka uliofuata chekechea ya kwanza ikafunguliwa Kekaha, kisiwani Kauaʻi, ambako mtoto hasikii Kiingereza kuanzia mlangoni. Leo mtu anaweza kusoma kuanzia chekechea hadi shahada ya uzamivu kwa Kihawaii, hiyo ya mwisho katika chuo kikuu cha Hilo. Kwenye Merrie Monarch kuna tuzo ya pekee ya lugha kwa wasichana wa Alhamisi. Kwa hiyo mtangazaji akisalimia kwa Kihawaii dakika tano nzima, hakufanyii wewe maonyesho. Anazungumza na watu wake.

Msomaji wa Kiswahili hana kisingizio hapa. Irabu zao ni a, e, i, o, u, na zinasomwa kama zetu. Nikimsikia mtu wa Tanga akitamka Kalākaua kwa pua kama mtangazaji wa CNN, naona aibu kwa niaba yake.

"Obama si Mhawaii?"

Wakenya, hili ni lenu. Baba yake aliondoka Kenya mwaka 1959 kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, na mtoto akazaliwa Honolulu mwaka 1961. Ni mzaliwa wa Hawaii, sawa. Lakini kule, ukisema Mhawaii unamaanisha mtu wa damu ya waliokuwa visiwani kabla ya meli za Kapteni Cook kutokea mwaka 1778. Mjapani wa kizazi cha nne aliyezaliwa Maui atakuambia yeye ni mtu wa Hawaii, na hatajiita Mhawaii. Ukimwita hivyo mbele ya wenye asili, utaona macho yanavyogeuka.

"Sherehe za nje ya visiwa ni feki"

Mteja wa Seattle aliniambia haoni sababu ya kwenda kwenye hoʻolauleʻa, yaani sherehe ya Wahawaii, ya mtaani kwake, anangoja "ile halisi". Sensa ya Marekani ya 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wahawaii wanaishi nje ya Hawaii, na bei za nyumba visiwani ni sababu mojawapo kubwa. Wako California, wako Las Vegas, wako jimbo la Washington, na halau zao wamekwenda nazo. Nyingine kutoka California hurudi Hilo kushindana. Baadhi ya sherehe hizi huandaliwa na vyama vya kiraia vya Wahawaii, ambavyo cha kwanza kilianzishwa mwaka 1918 kwa juhudi za Mwanamfalme Kūhiō. Kiingilio mara nyingi ni bure au kidogo, na hakuna mtu anayekuuzia cocktail yenye mwavuli.

Huko ndiko utakakovishwa lei, lile shada la maua la shingoni, kwa hiyo ujue adabu zake. Usilikatae, na usilivue mbele ya aliyekuvisha. Ukilichoka, usilitupe kwenye pipa la taka; litundike mtini au lirudishe kwenye udongo. Mjamzito, kwa desturi, havishwi shada lililofungwa. Anapewa lililo wazi, linaloning'inia pande mbili. Nina mteja aliyekasirika akidhani lake limekatika.

Maombi ya tiketi za mashindano ya Hilo yanashughulikiwa miezi kadhaa kabla, na nafasi huisha. Jumatano kuna usiku wa maonyesho, ila foleni inaanza mapema, na Jumamosi asubuhi kuna gwaride barabarani bure kwa kila mtu. Ukinipigia simu wiki moja kabla ya Pasaka, jibu langu ni kwamba mashindano yanarushwa moja kwa moja kwenye televisheni.