Noti ya nje ya kodi si kosa, na kasi haiisafishi

Wapiga vinanda na solo wa Mtwara, nawaomba muache kuwaambia vijana kwamba noti ya nje ya kodi (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) inaruhusiwa "ukiipita harakaharaka". Nimelisikia tena juzi kwenye mazoezi ya kwaya, na subira imeniishia. Noti haisafishwi na kasi, inasafishwa na pale inapotua.

Shika kodi ya C kwa mkono wa kushoto: do, mi, so. Mapigo 60 kwa dakika, usiongeze. Mkono wa kulia piga fa kwenye pigo la kwanza, ikae pigo zima, kisha shuka mi. Fa inagombana na mi ya mkono wa kushoto, kati yao ni nusu toni tu, na ugomvi huo ndio utamu wenyewe. Sasa piga fa ileile, kwa urefu uleule, halafu ruka do ya juu. Imebaki inaning'inia na msikilizaji anadhani umeteleza kidole. Kilichobadilika ni hatua iliyofuata, basi. Hiyo ndiyo noti ya kuegemea, na sheria ya harakaharaka inaiua kabla haijazaliwa.

Noti ya kupita (do-re-mi) na ya jirani (mi-fa-mi, so-fe-so; fe ni nusu toni chini ya so) hazisumbui, mara nyingi zinaangukia pigo jepesi. Kuzingira, yaani kuijia noti kwa kugusa ya juu yake na ya chini yake kwanza, kunataka hesabu: ukiilenga mi, piga fa, D shapu (nusu toni chini ya mi), kisha mi, na mi iangukie pigo zito. Ikichelewa nusu pigo, D shapu ndiyo inakaa pale, na kodi yako ya C ghafla inanukia C maina, ambayo mi yake imeshushwa nusu toni.

Kwenye kusikiliza wimbo ili uuandike, usianze kuandika kila noti. Tafuta besi kwanza, kisha kodi, kisha noti zinazotua. Ukiwa na shaka na noti, iimbe mapigo manne juu ya kodi: ikitulia ni ya kodi, ikikusukuma uhame ni pambo, yaani ya nje ya kodi. Noti ya kuegemea ndiyo inayowaangusha wengi, maana inakaa pigo zito. Mwanafunzi anasikia fa, anaandika kodi ya F, wakati besi iko do na kodi ni C tangu mwanzo.

Kipimo hicho kina tundu. Noti la (A) ikipigwa juu ya kodi ya C inatulia vizuri tu. Solo la dansi linaweza kumalizia hapo na hakuna anayenung'unika. Ni pambo au ni ya kodi? Jibu langu hubadilika kwa wimbo. Na taarabu ndiyo kabisa: fidla ikiteleza kutoka noti moja kwenda nyingine, mteremko wenyewe ndio wimbo, na do-re-mi yangu haina pa kuushika.

Zoezi: shikilia kodi, imba mi, halafu fa-mi, halafu so-fe-so, dakika kumi kabla vidole havijagusa chochote. Angalia fe: ikiimbwa chini mno, so inashuka nayo. Umeme ukikatika (naam, hata huku Mtwara kwenye gesi asilia), endelea bila kinanda. Ukirudi, piga do uone kama yako imehama, na imehama kuelekea wapi.