Gredi ya 7 katika Shule ya Katoliki: Yanayosemwa Malindi na Yanayofundishwa Darasani

Kila Januari ikikaribia, wazazi wa Malindi wanaotafuta nafasi ya Gredi ya 7 huuliza maswali yale yale kuhusu shule za Kanisa. Je, mtoto atabatizwa? Atafundishwa sayansi yote, au itachujwa? Na yule wa Kiislamu atasoma dini gani? Majibu mengi yanayotolewa sokoni na kwenye magrupu ya WhatsApp ni ya kubahatisha, na watoto hupoteza nafasi nzuri kwa sababu hiyo.

"Shule za Katoliki zina mtaala wao"

Hazina. Shule iliyosajiliwa kufundisha mtaala wa Kenya hufuata miundo ya masomo iliyoandaliwa na KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, iwe chini ya parokia, masista, msikiti au serikali. Tangu 2024 masomo ya Gredi ya 7 ni 9: Kiingereza, Kiswahili (au Lugha ya Ishara ya Kenya), Hisabati, Elimu ya Dini, Masomo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, Kilimo, utangulizi wa ufundi, na Sanaa Bunifu na Michezo. Wiki ina vipindi 40 vya dakika 40. Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi na Sanaa hupewa vipindi vitano kila kimoja, na yaliyobaki vinne vinne. Juu ya hapo kuna kipindi kimoja cha malezi ya kiroho, kinachojulikana kwa kifupi kama PPI. Hicho hakitahiniwi.

Ambalo wazazi wengi hawalitenganishi ni kwamba "shule ya Katoliki" ni aina mbili. Kuna shule ya umma ambayo Kanisa ni mfadhili wake tu: walimu wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, na serikali ilipanga mgao wa Sh15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi. Kuna pia shule ya kibinafsi ya jimbo au ya shirika la watawa, ambayo hulipisha karo na kuajiri walimu wake. Jimbo Katoliki la Malindi, lililoundwa mwaka 2000 na ambalo eneo lake linafika Tana River na Lamu, lina za aina zote mbili. Usajili wa shule ndio unaoamua haki zako kama mzazi, kwa hivyo uliza hilo kabla ya kuuliza bei ya sare.

Kwa shule ya umma, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inaeleza kazi ya mfadhili. Anawakilishwa kwenye bodi ya shule, anashauri kuhusu malezi ya kiroho, na anaweza kuweka kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Kifungu hicho hicho kinamtaka alinde dhehebu au dini ya wanafunzi wengine. Mzazi anayekwenda kuonana na mwalimu mkuu akikijua kifungu hiki huzungumza kwa utulivu na husikilizwa.

"Ni darasa la saba lile lile, wamebadilisha jina"

Darasa la saba la zamani lilikuwa ngazi ya kuelekea KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023. Gredi ya 7, iliyoanza Januari 2023, ni mwaka wa kwanza wa sekondari msingi. Kitabu cha kaka aliyemaliza darasa la saba hakimfai mdogo wake, hasa katika Sayansi na Masomo ya Jamii.

"CRE ni katekisimu"

Hapa ndipo penye mchanganyiko mkubwa, na inafaa papewe nafasi.

CRE, yaani Elimu ya Dini ya Kikristo, ni somo la kitaaluma. Limeandaliwa kwa Wakristo wa madhehebu yote na linapimwa kama Hisabati inavyopimwa. Katika Gredi ya 7 mtoto husoma masimulizi ya uumbaji na wajibu wa binadamu kwa viumbe, migawanyo ya Biblia, uongozi wa Musa, kuzaliwa kwa Yesu, kisha Kanisa na maisha ya Mkristo wa leo. Hakuna anayepata alama kwa kuwa Mkatoliki, na hakuna anayepoteza alama kwa kuwa wa Anglikana au Pentekoste.

Katekisimu ni maandalizi ya sakramenti, na kazi hiyo ni ya parokia. Katekista hufundisha kwa ratiba yake, mara nyingi Jumamosi au Jumapili, na ndiye anayepeleka majina ya wa komunyo ya kwanza na kipaimara. Kufika Gredi ya 7 hakumpi mtoto kipaimara. Mzazi Mkatoliki anayedhani shule itamshughulikia hushtuka askofu anapofika na jina la mwanawe halimo.

Kosa la kawaida kwenye karatasi za CRE ni idadi ya vitabu vya Biblia. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73: 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Biblia ya Kiprotestanti ina 66: 39 na 27. Tofauti ni vitabu saba: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku. Mtoto aliyesikia 73 kanisani na kusoma 66 kitabuni huandika namba moja bila maelezo. Afundishwe zote mbili, na ataje ni Biblia ipi anayoizungumzia. Agano Jipya halina ugomvi wowote. Ni 27 kwa wote.

"Mtoto wa Kiislamu atageuzwa dini"

Sheria za Kanisa lenyewe zinakataa. Kanuni ya 748 inasema si halali kumlazimisha mtu yeyote kuingia imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Tena, kwa kanuni za Kanisa, mtoto aliyepita miaka 7 huhesabiwa kama mtu mzima katika suala la ubatizo: lazima aonyeshe nia yake mwenyewe na afundishwe kwanza. Hakuna mlango wa kubatizwa kimyakimya kwenye mstari wa asubuhi. Katiba ya Kenya nayo, ibara ya 32, inalinda uhuru wa dhamiri na inakataza kumlazimisha mtu kufanya jambo lililo kinyume na dini yake.

Swali lenye uzito ni jingine: je, shule ina mwalimu wa IRE, yaani Elimu ya Dini ya Kiislamu? Mtaala unaruhusu CRE, IRE au dini ya Kihindu, lakini ruhusa haifundishi. Shule nyingine za Malindi na Lamu zina wanafunzi wengi Waislamu na mwalimu yupo, nyingine hazina. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa chochote: nani anafundisha IRE, vipindi vyake vinne viko saa ngapi, na watoto Waislamu huwa wapi wakati wa Misa ya shule na wakati wa swala ya Ijumaa. Ukipewa jibu la "tutaangalia", liombe kwa maandishi.

Kuna wazazi wanaosema, "Si kitu, madrasa anasoma." Madrasa ni msingi mzuri, lakini haijazi pengo la darasani. IRE ya shule ina mpangilio wake wa Qur'ani, Hadithi, nguzo za imani, ibada, akhlaki, muamalati na historia ya Uislamu, na maswali huulizwa kwa mpangilio huo. Mtoto aliyehifadhi juzuu kadhaa anaweza kuanguka katika swali la kueleza mafunzo ya aya katika maisha ya kila siku, kwa sababu hajazoea kulijibu kwa maandishi.

"Masista hawafundishi habari za uzazi"

Mfumo wa uzazi wa binadamu ni mada ya Sayansi Jumuishi ya Gredi ya 7, na shule ya Katoliki huifundisha kama nyingine zote: mzunguko wa hedhi, utungaji wa mimba, magonjwa ya zinaa. Kanisa halijaikataa elimu hii. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu ya Kikristo, la Oktoba 1965, linataka vijana wapewe elimu ya jinsia iliyo chanya na yenye busara kadiri wanavyokua. Tofauti utakayoiona ni kwamba kwenye CRE na PPI mada hiyo huambatana na mafundisho ya maadili ya Kanisa. Mzazi ana haki ya kulijua hilo mapema.

Kwenye mada yenyewe, kosa linalojirudia ni siku ya 14. Watoto hukariri kwamba yai hutoka siku ya 14 kwa kila msichana. Siku 28 ni wastani tu. Kwa wasichana wa umri huu mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 hadi 45 bila ugonjwa wowote, na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya iliyopita. Mwalimu au mzazi anayelieleza hili vizuri amemwondolea msichana hofu isiyo na sababu.

"Bila maabara hakuna sayansi"

Maabara husaidia sana, na usimwamini anayesema haina maana. Lakini mada ya asidi na besi inafanyika kwa vitu vya uani. Chukua petali 10 za hibiskasi nyekundu, ziponde, mimina mililita 100 za maji moto, acha dakika 15, kisha chuja kwa kitambaa safi. Maji yatakuwa na rangi ya zambarau au nyekundu iliyoiva. Weka matone 10 kwenye vikombe vinne vyeupe. Ongeza maji ya ndimu, ambayo ni asidi, kwenye cha kwanza: hugeuka mekundu yaliyokolea. Baking soda iliyoyeyushwa, ambayo ni besi, kwenye cha pili: hugeuka kijani. Maji ya sukari kwenye cha tatu: rangi haibadiliki. Cha nne ni cha kulinganishia, usiguse.

Huharibika wapi? Kikombe kilichobakiwa na sabuni huleta kijani kabla hujaongeza kitu, kwa sababu sabuni ni besi. Maji ya kisima cha pwani, yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe, yanaweza kufanya vivyo hivyo, kwa hivyo tumia maji ya mvua ukiyapata. Petali zikizidi, rangi huwa nzito na mabadiliko hayaonekani. Na maji hayo ya rangi hayalali kwenye joto la Malindi. Yatayarishwe asubuhi yatumike asubuhi. Tindikali ya betri isiletwe darasani kabisa.

Mada ya michanganyiko nayo iko mlangoni kwetu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na mashamba ya chumvi ya Ngomeni na Gongoni huivuna kwa jua na upepo. Mtoto wa hapa akiandika mfano wa kutenganisha kwa kuvukiza, aandike huo anaoujua.

"Watafundishwa uumbaji pekee"

Masomo ya Jamii yana mada ya asili ya binadamu, na humo masimulizi ya jadi, ya dini na ushahidi wa visukuku husomwa pamoja, likiwemo suala la Afrika kuwa chimbuko la binadamu. Mvulana wa Turkana, mifupa iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, ana umri wa takriban miaka milioni 1.5. Kanisa Katoliki halioni kosa kuyasoma haya: Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu utafiti wa chanzo cha mwili wa binadamu mwaka 1950, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka chembe moja na kupanuka, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padri.

"Mtoto wa pwani hahitaji kusoma Kiswahili"

Anahitaji. Kuzungumza kwake ni hazina, lakini ngeli, uakifishaji na muundo wa insha havitoki barazani. Wa Lamu akiandika "ndia", "nti" na "mato" (njia, nchi na macho) kwenye insha rasmi atakatwa alama, ingawa kwenye ushairi ni maneno ya heshima. Afundishwe mahali pa kila moja.

"Jometri ni akili ya kuzaliwa"

Mara nyingi tatizo ni bikari. Bawaba ikilegea, tao haikutani na tao na pembe ya digrii 60 inatoka 57. Nunua yenye skrubu ya kukaza, na penseli iliyochongwa vizuri. Kwa michoro ya ufundi, penseli ya 2H hutoa mistari hafifu ya kuanzia, na HB ndiyo ya kukazia na kuandika.

"Gredi ya 7 haina mtihani, acha apumzike"

Mtihani wa kitaifa, KJSEA, unafanywa Gredi ya 9, na ulianza 2025. Lakini katika kumpangia mtoto sekondari ya juu, KJSEA huchangia asilimia 60, KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20 iliyobaki. Kazi ya mradi iliyoachwa bila kukamilishwa mwaka huu inaingia kwenye hesabu hiyo, na haiwezi kurudiwa Gredi ya 9.

Alama hizo hupakiwa na shule kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kwa kutumia namba ya tathmini ya mtoto. Ukimhamisha, tuseme kutoka shule ya Lamu kuja Malindi, omba namba hiyo kwa maandishi pamoja na nakala ya alama zake, uipeleke shule mpya pamoja na cheti cha kuzaliwa, kisha hakikisha jina limeandikwa sawa kote, herufi kwa herufi. Kwetu pwani "Mohamed" na "Muhammad" huandikiwa mtoto mmoja bila mtu kujali, na tofauti hiyo ikiachwa hadi Gredi ya 9 mzazi hulazimika kuzunguka ofisini kuirekebisha wakati usajili wa mtihani unafungwa.