Mafao, nyumba na urithi: dhana zinazowaponza wastaafu wa Dodoma

Dhana: Mzazi mwema hagusi akiba, anawaachia watoto.

Akiba hiyohiyo ndiyo inayokuja kuwa deni lao. Mzee akibana mpaka akaacha kulipia bima ya afya, siku akilazwa bili wataichangia watoto, tena kwa mkopo. Anza na hesabu ya uhai wako mwenyewe. Chukua mkupuo, yaani mafao yanayolipwa mara moja unapostaafu, wa shilingi milioni 60: ukichota 400,000 kila mwezi juu ya pensheni, ni milioni 4.8 kwa mwaka, na fedha ikikaa bila kuzaa inakwisha baada ya miaka 12 na nusu. Aliyestaafu na miaka 60 ataishiwa akiwa na 72. Bei nazo hazisimami. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, cha 400,000 leo kitataka kama 720,000 baada ya miaka 15.

Kwa hiyo gawa mafungu. Matumizi ya mwaka mmoja yakae karibu. Fungu la matibabu lisiguswe kwa michango ya harusi wala ada za wajukuu (hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu ya aibu tu). Linalobaki liende kwenye hati fungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali kwa riba: Benki Kuu huziuza kuanzia shilingi milioni 1, na riba hulipwa kila miezi sita. Riba unakula wewe, mtaji watakuja kuukuta wao.

Dhana: Jenga, nyumba haiozi.

Haiozi, lakini hailiki. Tangu Serikali ihamie Dodoma, mikupuo mingi imezikwa kwenye viwanja vya Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa. Fedha inaishia kwenye lenta, boma linabaki wazi halina mpangaji, na huwezi kuuza chumba kimoja ulipe upasuaji. Usichimbe msingi kabla fedha ya kupaua haijawa mkononi. Vyumba viwili vilivyokamilika, vyenye maji na umeme, vitakulisha kuliko jumba la vyumba sita lisilo na bati. Pia nyumba moja haigawanyiki kwa watoto watano bila kuuzwa au kugombaniwa.

Dhana: Ng'ombe ndio benki yetu.

Ni benki inayokonda. Mwaka wa ukame kila mfugaji anapeleka mnadani kwa wakati mmoja, na bei inaanguka. Wa kuuza wauzwe Mei hadi Julai, wakiwa bado wamenona.

Dhana: Nimemwandikisha mwanangu benki, fedha ni zake nikifa.

Jina hilo kwa kawaida ni la mtu wa kuarifiwa. Benki itadai barua ya usimamizi wa mirathi. Familia inahitaji cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha maombi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi naye si mmiliki: anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, na ndani ya miezi minne anapeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu. Kodi ya mirathi, wengi wanayoiogopa, Tanzania haipo.

Dhana: Gawa mapema, ugomvi utaisha.

Kumsomesha mtoto au kumpa mtaji ukiwa hai ni sawa. Hati ya nyumba unayolala ni jambo jingine: ukishaihamisha, mwenye jina anaweza kuiweka rehani, na wewe huna la kusema. Wosia, kinyume chake, unaubadilisha utakavyo mpaka mwisho. Kwa sheria za kimila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma hutaka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma, wanne. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haongezewi fungu bila ridhaa ya wenzake. Andika kwa wino, weka tarehe, saini, kisha uhifadhi RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Wosia uliofichwa chini ya godoro huonekana kwanza na yule usiyempendelea.