Kantha: bandi isiyofumuliwa

Fundi akikushonea gauni, hupiga bandi kwanza: mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kitambaa, ambayo baadaye huifumua na kuitupa. Kantha ni bandi hiyohiyo, ila haifumuliwi. Sindano inazama, inaibuka, inazama tena, safu kwa safu, mpaka kitambaa chote kimejaa.

Asili yake ni Bengal, eneo ambalo leo sehemu yake ni jimbo la West Bengal nchini India na sehemu kubwa zaidi ni Bangladesh. Wanawake walichukua sari na dhoti (nguo za wanaume za kujifunga kiunoni) za pamba zilizochakaa, laini kwa kufuliwa miaka nenda miaka rudi, wakazipanga tabaka juu ya tabaka na kuzishona pamoja. Hata uzi hawakununua. Waliuchomoa kwenye pindo la rangi la sari yenyewe. Zikatoka nguo za kumfunikia mtoto mchanga, mifarishi ya msimu wa baridi, vitambaa vya kufungia vioo na vitana. (Tarizi yenye vioo vidogo ni nyingine. Hiyo ni ya Gujarat, upande wa pili wa India, walikotoka Wahindi wengi wa pwani yetu.)

Kantha yenye picha huitwa nakshi kantha, na neno hilo nakshi ni ndugu ya lile la nakshi za milango ya Zanzibar: yote mawili asili yake ni Kiarabu. Katikati hukaa ua la yungiyungi, kwenye pembe miti, na kwingine mshonaji hujaza anachotaka: samaki, tembo, machela, hata treni. Pale palipobaki peupe napo hushonwa, kwa uzi mweupe, ndipo kitambaa kinapata vijikunyanzi kama maji yaliyoguswa na upepo. Mimi hivyo vijikunyanzi navipenda kuliko picha zenyewe.

Siku hizi kantha hushonwa pia juu ya hariri mpya, na huuzwa. Mwaka 2023 serikali ya India ilimtunuku Pritikana Goswami, mshonaji wa West Bengal, nishani ya Padma Shri. Mwaka 2024 akafuata Takdira Begum wa jimbo hilohilo. Kazi moja iliyojaa huchukua miezi, hivyo bei ikikushtua usimlaumu muuzaji. Ikiwa rahisi mno, igeuze nyuma. Zipo zilizochapwa mistari ya rangi tu, na huko nyuma hutaona mshono hata mmoja.